Chakula cha Mababu ni Kipi? Sahani ya Simbo na Historia ya Ulaji katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika



Mhadhara wa taaluma za Kiswahili aghalabu hutarajiwa kuanza na utenzi, au na riwaya, au na mjadala wa istilahi. Naomba radhi, kwani wangu utaanza na sahani. Sahani hiyo niliandaliwa Simbo, kata ya Wilaya ya Kigoma iliyo upande wa bara kutoka Ujiji. Juu yake palikuwa na ugali wa muhogo, mgebuka aliyepikwa kwa mawese, maharage, na kisamvu, ambacho watu wa huko hupenda kukiita sombe. Mwenyeji wangu, mama wa makamo, alinikaribisha kwa maneno ambayo bila shaka wengi wenu mmewahi kuyasikia: kwamba hiki ndicho chakula chetu cha asili, chakula walichokula mababu.

Nilikula, nikashukuru, nikashiba. Lakini neno lile, “mababu”, lilinikaa moyoni. Mababu wepi? Wa karne ipi? Na walikila hivyo kwa hiari, kwa mila, au kwa shida?

Maswali haya yamepata uzito mpya katika siku zetu. Leo katika miji yetu, na katika nchi za mbali pia, imeenea hoja yenye sehemu tatu. Kwanza, kwamba afya ya mwanadamu huanzia tumboni, kwa bakteria wanaoishi katika utumbo wake. Pili, kwamba mababu walijua kula, na sisi tumepotea. Tatu, kwamba hakuna chakula kimoja kinachomfaa kila mtu, bali kila mwili una mahitaji yake. Mimi si tabibu, na sitathubutu kumwandikia mtu mlo. Lakini hoja ya pili ni hoja ya historia, na mwanahistoria ana haki, pengine hata wajibu, wa kuikagua. Nitajaribu kuonyesha kwamba, kwa ushahidi wa sahani ya Simbo, kile tulichorithi kwa mababu si orodha ya vyakula. Tulichorithi ni elimu ya kuviandaa. Na elimu hiyo, tusipoitambua kuwa ni elimu, ndiyo itakayotutoka kwanza.

1. Majina na Safari Zake

Tuanze na kile tunachokijua vyema zaidi katika taaluma yetu, yaani maneno.

Neno “mahindi” linatangaza asili yake: ni nafaka ya Hindi. Lakini mahindi hayakutoka Bara Hindi. Yalitoka Amerika, yakavuka bahari baada ya safari za Wareno na Wahispania za mwishoni mwa karne ya 15. Wenyeji wa pwani waliyapa jina la upande ambako, kwa macho yao, vitu vya kigeni vilitokea. Jina basi hutuonyesha mlango ambao kitu kilipitia, si nchi kilikozaliwa. Hii ni kanuni ya kukumbukwa na kila anayetumia msamiati kama ushahidi wa kihistoria.

Muhogo nao ni wa Amerika Kusini. Wareno waliufikisha katika pwani ya magharibi ya Afrika katika karne ya 16, na kutoka huko ulisafiri kwa mikono ya Waafrika wenyewe kupitia bonde la Kongo hadi ukingo wa Ziwa Tanganyika. Maharage tuyalayo leo, yaani yale ya jamii ya kawaida na si kunde, ni ya Amerika pia. Katika Kirundi, lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kiha, huitwa ibiharage, na mfanano wake na neno la Kiswahili haujifichi. Mchikichi si mgeni wa Afrika, lakini nyumbani kwake ni misitu ya magharibi na kati ya bara hili. Kigoma ni miongoni mwa sehemu za mashariki kabisa ambako umestawi kiasi cha kuwa mti wa kaya. Ndizi, ambazo jirani wa mwenyeji wangu aliziongeza mezani jioni ile, zililimwa kwanza kusini mashariki mwa Asia.

Je, hakuna basi kilicho cha zamani zaidi katika sahani ile? Kipo. Samaki ni wa zamani. Tazama neno “dagaa”. Katika Kirundi ni indagara, na ng’ambo ya ziwa, Kongo, ni ndagala. Kiswahili kina tabia ya kuidondosha “l” ya kale katikati ya irabu: palipokuwa na njala tuna “njaa”, ambayo katika Kirundi ni inzara. Kwa kanuni hiyo hiyo ndagala inalingana na “dagaa”. Sitadai kwamba neno lilitoka ziwani likaenda pwani, wala kinyume chake, kwani wavuvi wa bahari nao wana dagaa wao. Natosheka kusema kwamba dagaa na njaa ni maneno yaliyopitia mabadiliko mamoja ya sauti, na kwamba watu wa ziwa hili wamekuwa wakiyatamka yote mawili kwa muda mrefu sana.

Chumvi pia ni ya zamani. Katika chemchemi za Uvinza, kando ya mto Malagarasi, J.E.G. Sutton na Andrew Roberts walichimbua mwaka 1967 na kupata ushahidi kwamba watu walikuwa wakichemsha maji ya chumvi mahali pale tangu milenia ya kwanza baada ya Kristo. Na kabla ya muhogo na mahindi kulikuwa na ulezi, mtama, kunde na njugu mawe. Ugali wa mababu wa mbali wa Buha haukuwa mweupe. Ulikuwa na rangi ya ulezi. Ndugu zangu, ulezi haukuwemo katika sahani ile ya Simbo. Kile kilichokuwa cha kale zaidi kilikuwa kimekwisha kuondoka mezani, na hakuna aliyeuliza kiliko.

2. Soko la Ujiji na Tumbo la Mgeni

Mwezi Februari mwaka 1858 Richard Burton na John Hanning Speke walifika katika ukingo wa ziwa, wakakaa Ujiji. Maandishi ya Burton yanatupa picha ya mapema ya soko la mahali pale: samaki wa aina nyingi, mafuta ya mawese, maharage, mihogo na viazi, vikiuzwa kwa ushanga uliotumika kama fedha. Zingatieni tarehe. Tayari mwaka 1858 mazao ya Amerika yalikuwa yamekwisha kuwa vyakula vya kila siku. Kwa hiyo anayesema kwamba muhogo ni chakula cha mababu wa Kigoma hasemi uongo. Anasema kweli ya karne kadhaa, lakini si kweli ya tangu na tangu.

Soko lile lilikuwa la biashara ya chumvi, samaki wakavu, mawese na nafaka. Lilikuwa pia soko la pembe na la watu. Misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora iliishia hapo, na kutoka hapo majahazi na mitumbwi ilivuka kwenda Manyema. Baadhi ya waliokula chakula cha Ujiji hawakukichagua: walikuwa watumwa na wapagazi. Wengi wa Wamanyema walifika katika mji ule kwa njia hizo, na vizazi vyao viliufanya mji kuwa wao, pamoja na mapishi yao. Tunapolisifu jiko la Ujiji kwa utajiri wake, tusisahau kwamba sehemu ya utajiri huo ililetwa na watu walioletwa.

Maandishi ya Kiswahili ya zama hizo yanatusaidia kwa kiasi tu. Carl Velten alichapisha habari za safari za Waswahili mwaka 1901, ikiwemo safari ya Sleman bin Mwenye Tshande iliyofika Tanganyika; na Desturi za Wasuaheli za Mtoro bin Mwinyi Bakari zilitoka mwaka 1903. Lakini waandishi wa safari, Waswahili kwa Wazungu, waliona chakula pale kilipouzwa au kilipokosekana. Jikoni hawakuingia. Hii ni kasoro ya nyaraka zetu, na athari yake tutaiona punde.

Katika mji huu, tumbo lililoandikwa zaidi ni la mgeni mmoja. Tarehe 23 Oktoba 1871 David Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema akiwa amedhoofika kwa ugonjwa wa kuhara, akakuta bidhaa alizozitegemea zimekwisha kuuzwa. Henry Morton Stanley alipomkuta baada ya majuma machache alieleza jinsi mzee yule alivyokuwa akila kidogo, na jinsi hamu yake ya chakula ilivyorejea baada ya kupata mwenzake. Anamtaja pia Halima, mpishi wa Livingstone, na furaha yake alipoona bwana wake anakula. Halima aliwajua watu wawili hawa kwa matumbo yao kuliko mtu mwingine yeyote katika boma lile. Alijua nani anaweza kustahimili nini. Lakini alichokijua hakikuandikwa, ilhali alichokila Livingstone kiliandikwa. Livingstone alifariki mwaka 1873 kwa Chitambo, nchini Zambia ya leo, tumbo lake likiwa bado halijapona.

3. Elimu ya Mikono

Turudi Simbo, na safari hii tuingie jikoni.

Muhogo una sumu. Ndani ya mizizi yake, hasa ya aina chungu, mna kemikali ambayo mmea unapokatwa au kupondwa hutoa sianidi. Wakulima hupenda aina chungu kwa sababu wanyama waharibifu huziogopa. Lakini mwanadamu asipoziandaa vyema, humdhuru. Ndiyo maana muhogo wa Simbo hauendi moja kwa moja kutoka shambani hadi chunguni. Humenywa, hulowekwa majini kwa siku kadhaa hadi ulainike na kuchacha, kisha huanikwa, husagwa, ndipo husongwa. Nilimwuliza mwenyeji wangu ni siku ngapi. Hakunijibu kwa idadi. Alitoa kipande majini, akakibonyeza kwa dole gumba, akakinusa, akakirudisha. Msimu wa baridi, akaniambia, huchukua muda zaidi.

Kitendo kile cha kubonyeza na kunusa ni kipimo cha kimaabara bila maabara. Kuloweka hulainisha muhogo, huvunja chembe zake, huruhusu kimeng’enya cha muhogo wenyewe kukutana na kemikali ile na kuivunja, na sianidi hutoka kwa maji na kwa hewa. Bakteria wa uchachu husaidia kazi hiyo. Yasipofanyika haya, matokeo ni ya kutisha. Mwaka 1938 daktari Trolli aliuelezea ugonjwa wa Kwango, Kongo, uitwao konzo, unaopooza miguu ghafla na usiopona. Mwaka 1985, wakati wa ukame, konzo ilizuka Tarime, mkoani Mara. Watu walikuwa wamebaki na muhogo mchungu, na kwa sababu ya njaa walifupisha hatua za kuuandaa. Muhogo ulikuwa ni ule ule. Kilichopungua ni siku za kuuandaa.

Kuna jambo la pili. Mwili hupambana na mabaki ya sianidi kwa kutumia asidi amino zenye salfa, ambazo muhogo wenyewe karibu hauna. Samaki anazo. Anayekula ugali wa muhogo kwa dagaa anakula sumu kidogo pamoja na kinga yake. Walioziunganisha hizi mbili katika sahani moja hawakujua salfa ni nini. Walijua tu kwamba ugali wa muhogo mtupu si chakula. Dagaa naye huliwa mzima, pamoja na mifupa yake, na hivyo humpa mlaji kalisiamu ambayo mnofu wa samaki mkubwa hauna kwa kiasi hicho. Mawese mekundu yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Yakichujwa viwandani hadi kupoteza rangi, karotini hiyo hupotea pia. Lakini, ili nisionekane ninahubiri, niseme pia kwamba karibu nusu ya mawese ni mafuta yale ambayo matabibu wa moyo hutushauri tuyapunguze. Sahani ya Simbo ilimfaa mtu aliyelima na kupiga kasia mchana kutwa. Sina hakika kwamba inamfaa kwa kiasi kile kile profesa anayekaa kitini.

Hapa nataka kusahihisha kosa linaloenea. Husikika kwamba kila kilichochacha ni dawa ya tumbo kwa kuwa kina bakteria hai. Sivyo. Ugali wa muhogo uliochachushwa umeanikwa na kusongwa katika maji yanayochemka. Bakteria wake hawamfikii mlaji wakiwa hai. Kazi ya uchachu katika muhogo ni kuondoa sumu na kuleta ladha. Togwa na maziwa mgando ni habari nyingine. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania na Sweden waliwafuatilia watoto wadogo waliokunywa togwa, wakaona kwamba bakteria wasababishao kuhara walipungua katika vinyesi vyao. Kuchachusha ni jina moja la kazi mbalimbali, na aliyezijua tofauti zake alikuwa mama wa jikoni.

4. Reli, Posho na Operesheni

Sahani hubadilika kwa sababu za kisiasa kuliko tunavyodhani. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na bandari ya Kigoma ikaufunika mji wa Ujiji. Chini ya Waingereza, Buha ikawa nchi ya kutolea vibarua. Vijana wa Kiha walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya mashariki kama manamba, na huko walipewa posho.

Neno “posho” linastahili makala yake. Maana yake ni mgao: chakula kinachopimwa na kutolewa kwa usawa kwa kila kibarua, awe mrefu au mfupi, mzima au mgonjwa. Aghalabu kilikuwa unga wa mahindi na maharage. Nchini Uganda neno hilo limekwenda mbali zaidi. Leo posho ni jina la ugali wenyewe wa mahindi. Kipimo cha mwajiri kikawa jina la chakula. Kama tunataka kujua ni lini hasa Mwafrika wa Mashariki alianza kulishwa bila kujali tumbo lake, tutafute historia ya neno hili.

Serikali ya kikoloni ilihimiza, na mara nyingi ililazimisha, upandaji wa muhogo kama akiba ya njaa. Baada ya uhuru, Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwahamisha watu kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwakusanya vijijini kandokando ya barabara. Sitaingia katika mjadala mpana wa vijiji vya ujamaa. Kwa mada yetu inatosha kukumbuka kwamba mchikichi hauhamishwi. Waliohama waliacha nyuma miti iliyopandwa na wazee wao, pamoja na maeneo ya mboga za porini waliyoyajua. Kisha zikaja sukari, ngano na sembe, na dona likahesabiwa kuwa chakula cha asiye na uwezo.

Posho haijaisha. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, wengi wao wakiwa watu wa Kivu Kusini, ng’ambo ya ziwa hili hili. Ni watu wa muhogo, mawese na ndagala. Waligawiwa nafaka, jamii ya kunde na mafuta kwa kipimo cha kilokalori. Mgao huo uliokoa maisha, na siupuuzi. Lakini wengi walibadilishana sehemu ya mahindi yao kwa wanakijiji ili wapate muhogo. Nani atawalaumu? Walikuwa wakifanya, kwa njia iliyowezekana, kile ambacho matajiri wa dunia leo hulipia wataalamu: kutafuta chakula kinachoafikiana na miili yao.

5. Sayansi Inapofika Jikoni

Sasa tuipe sayansi nafasi yake. Denis Burkitt na Hugh Trowell, madaktari waliofanya kazi Afrika Mashariki, hasa Uganda, walitangaza katika miaka ya 1970 hoja kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyoenea Ulaya yalikuwa adimu hapa kwa sababu watu wa vijijini walikula nyuzinyuzi nyingi. Baada yao vikaja vipimo vya bakteria wenyewe. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliolinganisha bakteria wa utumbo wa Wahadza 27 wa Ziwa Eyasi na wa Waitalia 16. Wahadza walikuwa na aina nyingi zaidi; na, jambo lililoshangaza, watu wazima miongoni mwao walikosa kundi moja la bakteria ambalo Ulaya huuzwa madukani kama alama ya tumbo zuri. Utafiti mwingine wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba bakteria wa Wahadza hubadilika kwa misimu, baadhi wakitoweka masika na kurejea kiangazi. Tumbo la mababu basi halikuwa na hali moja hata ndani ya mwaka mmoja.

Mwaka 2015 watafiti wa Israel walipima sukari ya damu ya watu 800 na kuona kwamba chakula kile kile huipandisha sana kwa mmoja na kidogo kwa mwingine. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, baada ya kupima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, walionyesha kwamba uwezo wa mtu mzima wa kumeng’enya maziwa ulijitokeza miongoni mwa wafugaji wa Afrika kwa njia zilizo tofauti na ile ya Ulaya. Katika Buha, ambako wafugaji na wakulima wameishi pamoja kwa karne nyingi, maziwa ni baraka kwa mmoja na maumivu kwa jirani yake. Nani basi ni babu wa kufuatwa?

Utafiti ulio karibu zaidi na mada yetu ulifanyika Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2025, kwa ushirikiano wa watafiti wa Moshi na wa Uholanzi. Wanaume 77 walishiriki. Baadhi ya waliozoea vyakula vya asili walihamishiwa kwenye vyakula vya Kimagharibi kwa majuma mawili, na wengine kinyume chake. Kundi jingine lilikunywa kinywaji cha ndizi kilichochachushwa kwa juma moja. Waliohamia vyakula vya Kimagharibi walionyesha dalili za inflamesheni katika damu, na chembe zao za kinga zikadhoofika mbele ya vijidudu. Waliohamia vyakula vya asili, na waliokunywa kinywaji kile, walionyesha mwelekeo wa kinyume. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana majuma manne baadaye.

Ni matokeo ya kutia moyo, na yanastahili kusomwa kwa makini. Majuma mawili si maisha. Kilimanjaro si Kigoma. Na washiriki wote walikuwa wanaume. Sayansi, kama Burton na Stanley, imempima anayekula. Anayepika bado yumo jikoni, na elimu yake haijaandikwa.

6. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. La kwanza, kwamba chakula cha mababu katika mwambao huu kilikuwa kikibadilika siku zote. Mababu walipokea muhogo wa kigeni wenye sumu, wakaufanya chakula, na ujasiri huo ndio asili yetu. La pili, kwamba mabadiliko mengine yalikuja kwa kulazimishwa: kwa utumwa, kwa posho, kwa operesheni. Anayetuuzia “asili” bila kulisema hili anatuuzia nusu ya historia. La tatu, kwamba hekima ya sahani ile imo katika hatua za kuiandaa na katika namna vyakula vyake vinavyokamilishana, si katika kitu kimoja kimoja kinachoweza kutiwa kwenye chupa na kuuzwa.

Urithi huu uko hatarini pande mbili. Upande mmoja ni ziwa lenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza uzalishaji wa chakula ndani ya Ziwa Tanganyika, na pamoja nao samaki. Mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kwa maskini wa Kigoma, dagaa akiwa haba, ugali wa muhogo hubaki peke yake, na tumekwisha kuona kwa nini ugali wa muhogo haupaswi kubaki peke yake. Upande wa pili ni sisi wenyewe wanazuoni. Tuna kamusi za fizikia, za sheria na za tiba. Kazi ya kukusanya msamiati wa jikoni wa mwambao huu, maneno ya Kiha, ya Kibembe, ya Kimanyema na ya Kiswahili cha Ujiji yanayotaja hatua za kuloweka, kuchachusha, kuanika na kukamua, inatungoja. Kila neno la aina hiyo ni agizo la tiba lililofupishwa. Likisahaulika, hatua husahaulika nalo. Na hatua ikisahaulika katika mwaka wa njaa, watoto hupooza.

Napendekeza basi kwamba wanafunzi wa idara zetu wapelekwe Simbo, Ujiji, Mwamgongo na Kalya, wakiwa na kinasa sauti na unyenyekevu, wakae jikoni na kuandika. Wasiulize tu chakula hiki kinaitwaje. Waulize huandaliwaje, kwa siku ngapi, na mtu anajuaje kwamba kimekuwa tayari. Na wakijibiwa kwa kidole kinachobonyeza kipande cha muhogo, waandike hivyo hivyo.